Rasta, wivingi au wigi: namna ya kuchagua nywele ya kuongeza inayokifaa kichwa chako

Mteja akiingia saluni kwangu hapa Mwanga, Kigoma, simu huwa iko mkononi na picha iko tayari. "Dada, hii itanitoa?" Namwambia avue mtandio, asogee dirishani, nimwangalie mapanja kwanza. Picha tutaitazama baadaye.

Maswali yanayofuata nayajua, maana nayasikia kila wiki, na harusi na sikukuu zikikaribia nayasikia kutwa nzima. Ninunue rasta gani? Pakiti ngapi? Nina dawa, naweza kusuka? Nywele za binadamu nitazijuaje? Kwa nini mwenzangu zimemkaa, mimi zimeninyonyoa? Nimeona niyaandike majibu mahali pamoja, uyasome kabla hujatoa hela dukani.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: kichwa chako kina uwezo wake wa kubeba. Anza na uzito, halafu ndiyo uje kwenye urefu na rangi. Nilipokuwa na miaka 22 nilisukwa rasta za kufika kiunoni, zikabanwa mpaka nyusi zikavutika juu. Usiku ule nililala nimekaa, nikameza dawa za maumivu, asubuhi nikasifiwa mtaa mzima. Nilikaa nazo miezi mitatu, nikafumua, na wiki hiyo hiyo nikasuka nyingine. Panja langu la kushoto halijarudi vizuri hadi leo. Ndiyo maana naanzia kwenye mapanja.

Andaa hivi kabla ya kuanza

Vioo viwili, kimoja cha mbele na kimoja cha kuonea kisogo. Chanuo la meno mapana. Uzi mweusi wa kushonea nguo, kipande kifupi tu. Kitambaa au karatasi nyeupe. Siki, na ndoo ya kulowekea. Kiberiti na sahani ya bati. Tafuta na muda wa mchana, kwa sababu ngozi ya kichwa haisomeki vizuri kwa taa.

Hatua ya 1: Osha nywele, usipake kitu

Fumua kila kilichopo, osha, acha zikauke zenyewe. Usipake mafuta, usipige pasi, usibane. Nywele zenye mafuta zinaonekana nzito kuliko zilivyo, na zilizonyooshwa kwa moto zinakuficha mkunjo wake halisi.

Hatua ya 2: Soma mapanja na ngozi

Simama dirishani, vuta nywele nyuma taratibu kwa viganja, tazama mstari wa mbele na juu ya masikio. Unatafuta mambo matatu.

La kwanza ni wembamba. Kama nywele za panja ni fupi na chache kuliko za utosini, eneo hilo limeshachoka kuvutwa. Bado linaweza kurudi, ila usilisukie kitu chochote kwa sasa.

La pili ni ngozi yenyewe. Ikiwa inang'aa, laini kama ya kiwiko cha mtoto, na huoni vitundu vya vinyweleo, hapo hali imefika mbali. Nenda mwishoni mwa mwongozo huu, uache habari ya kununua rasta.

La tatu ni mba, vidonda, mapele au mabaka yenye magamba. Tibu kwanza. Ukifunika fangasi kwa wivingi unazipa joto na unyevu, vitu viwili zinavyovipenda kuliko vyote.

Mama aliyejifungua karibuni naye asome hapa. Nywele nyingi hudondoka kuanzia mwezi wa pili mpaka wa nne hivi baada ya kujifungua. Ni kawaida ya mwili, na zitarudi. Ila ukizining'inizia rasta nzito wakati huo, unaongeza mzigo juu ya nywele ambazo tayari zinaachia. Subiri, au tumia wigi jepesi.

Hatua ya 3: Pima unene na wingi

Unene na wingi si kitu kimoja, na hapa ndipo wengi wanachanganya. Chukua unywele mmoja uliobaki kwenye chanuo, uulaze juu ya karatasi nyeupe kando ya uzi wa kushonea. Kama hauonekani vizuri wala huuhisi ukiusugua kwa vidole, nywele zako ni nyembamba. Kama unauhisi na unakwaruza kidogo, ni nene.

Sasa wingi. Bila kugawa nywele, jitazame kwenye vioo viwili. Ngozi ikionekana kirahisi, nywele zako ni chache. Usipoiona mpaka ugawe kwa chanuo, ni nyingi. Kuna wenye nywele nyembamba lakini nyingi sana. Kichwa kinajaa, kila mtu anadhani kitabeba chochote, kumbe kila unywele peke yake ni dhaifu.

Chukua unywele mwingine, uulowanishe, uvute taratibu. Ukinyooka kidogo halafu ukarudi, uko vizuri. Ukikatika papo hapo, nywele zimekauka. Ukivutika kama mpira na usirudi, zimelegezwa mno na dawa au rangi. Kwa hizi mbili za mwisho, wiki hii isiwe ya kusuka. Piga stimu, zilishe, upumzike.

Hatua ya 4: Jua mkunjo wako

Tumia maneno ya kawaida: kipilipili cha kukaza, mkunjo wa wastani, mawimbi, au zilizonyooshwa kwa dawa. Mkunjo unahusu zaidi zile nywele zako zitakazobaki nje. Kama unaacha nywele mbele zifunike wivingi, nywele ya kuongeza lazima ifanane nazo. Mwenye kipilipili akishona wivingi iliyonyooka kama mvua, atalazimika kupiga pasi nywele za mbele kila asubuhi zilingane. Mwezi mmoja tu zinakatika, naye atalaumu wivingi. Kumbe zimekatwa na pasi.

Wenye kipilipili chukueni rasta ya kawaida au nywele yenye mkunjo wa kukaza. Inashika vizuri, na nywele zikiota shinani tofauti haionekani haraka. Wenye dawa, jueni kwamba hapo shina jipya la kipilipili linapokutana na urefu ulionyooshwa ndipo penye udhaifu. Ukisuka ukiwa umekaa miezi mingi bila kugusia dawa, mvuto wote unaishia kwenye kiungo hicho. Na ukitoka kutia dawa leo, subiri angalau wiki 2 ndipo usuke. Ngozi bado ni mbichi.

Hatua ya 5: Chagua aina

Sasa linganisha ulichokiona na aina zilizopo.

*Rasta.* Zinafaa nywele nene au za wastani, zenye urefu wa angalau vidole vinne vilivyolazwa, na mapanja mazima. Mwenye nywele nyembamba asidanganywe na rasta ndogondogo eti ni nyepesi. Nyingi zinasukwa kwa kushika nywele chache sana shinani, na hizo chache ndizo zinazobeba kila kitu. Chagua za ukubwa wa kati, na uombe zile zisizo na fundo: msusi anaanza na nywele zako mwenyewe, anaongeza rasta kidogo kidogo akishuka. Zinachukua muda mrefu na fundi anatoza zaidi, lakini shinani hakuna kifundo kinachovuta. Nazipendekeza kwa moyo wote.

*Kroshia.* Unasukwa mistari ya nywele zako, kisha nywele ya bandia inachomekwa kwa sindano ya ndoano. Mzigo unasambaa kwenye mstari mzima badala ya kuning'inia kwenye shina moja. Kwa nywele nyembamba lakini nyingi, hii ndiyo nawapa wengi, na ni rahisi kufumua.

*Wivingi ya kushona.* Inahitaji mistari imara chini yake, kwa hiyo nywele za wastani kwenda juu. Kwa nywele chache mistari inatoka kama nyuzi za buibui na sindano inaitoboa. Ya kubandika kwa gundi moja kwa moja kwenye ngozi mimi siifanyi. Nimeshaona gundi ikitoka na nywele na kipande cha ngozi pamoja.

*Wigi.* Ndilo jibu la mapanja yaliyochoka, nywele chache, na mama aliyejifungua. Unavaa, unavua. Sharti lake ni lisibane: vidole viwili vipite chini ya ukingo wake bila shida. Ndani vaa kofia laini, na usiku vua. Usilibandike kwa gundi kwenye mstari wa mbele kila siku, maana utakuwa umekimbia mvuto ukaingia kwenye gundi.

*Klipu.* Za siku moja, harusi au picha. Zinabana sehemu ndogo, kwa hiyo mwenye nywele nyembamba asizivae zaidi ya saa chache.

Na kazi yako iingie kwenye hesabu. Kina mama wanaochoma migebuka au kukaa jikoni na jiko la mkaa, wigi la plastiki ni hatari. Mvuke na cheche vinalikunja, na likishika moto linayeyukia ngozini. Mkae na mistari au rasta zilizofungwa nyuma. Mnaoshinda Kibirizi kwenye kuanika dagaa, wivingi nzito inameza harufu, na kuiosha mara kwa mara kunailegeza. Wanaoogelea ziwani nao wachague kitu kinachokauka haraka. Mistari ya chini ya wivingi inaweza kukaa mbichi mpaka kesho yake, hasa kama unaifunika kwa hijabu ikiwa bado na maji, na harufu ya uvundo inaanzia hapo.

Hatua ya 6: Pima uzito, ndipo uchague urefu

Soma gramu kwenye pakiti. Kuna pakiti ndogo za gramu 80 hivi, na kubwa za gramu 165. Rasta za kati za kufika mgongoni hula pakiti 4 hadi 6 za zile kubwa. Zidishe mwenyewe: ni gramu 660 mpaka 990. Nenda jikoni, nyanyua mfuko wa sukari wa kilo moja. Huo ndio mzigo utakaolala nao, ukaamka nao, na ukiulowanisha kwa maji unaongezeka.

Nywele nyembamba au chache: ishia mabegani, na usizidi pakiti 2 au 3 kubwa. Za wastani: mgongoni panatosha. Za kiuno waachie wenye nywele nene na nyingi, nao wasizirudie mara mbili mfululizo. Wivingi huuzwa kwa vifungu, na kifungu cha nywele za binadamu mara nyingi ni gramu 100 hivi. Viwili mpaka vitatu vinatosha kichwa. Kumbuka kwamba nywele zilizojikunja hupimwa zikiwa zimevutwa: ile ya inchi 18 ikikaa yenyewe itaonekana fupi zaidi. Wengi wanarudi dukani kulalamika kumbe hawakuibiwa.

Hatua ya 7: Dukani, pima kabla ya kulipa

Rasta nyingi ni nyuzi za kiwandani. Kanekaloni, unayoiona imeandikwa kwenye pakiti nyingi, ni uzi uliotoka Japani. Iguse. Isiwe kavu yenye kukwaruza, wala isiteleze kama mfuko wa nailoni. Pitisha vidole mara kumi. Ikianza kufungamana ukiwa bado dukani, kichwani haitamaliza wiki mbili.

Nywele za binadamu ndizo zenye udanganyifu mwingi. Omba nyuzi tatu, kutoka sehemu tatu tofauti za kifungu, kwa sababu wengine huchanganya. Toka nje, ziweke kwenye sahani, washa kiberiti. Ya binadamu inaungua upesi, inanuka kama manyoya ya kuku yaliyobabuliwa, na jivu lake linasagika kati ya vidole. Ya plastiki inajikunja, inayeyuka, inabaki kidonge kigumu. Usikiguse kikiwa cha moto.

Hata ikiwa ya binadamu kweli, uliza kama ncha zote zimeelekea upande mmoja; wauzaji wanaiita remi. Zisizo hivyo magamba yake yanakwaruzana na kufungamana, ndiyo maana viwandani huyaondoa kwa kemikali na kuzipaka silikoni. Dukani zinang'aa kama hariri. Ukiziosha mara mbili tatu, silikoni inatoka na mafundo yanaanza. Pitisha vidole kutoka nchani kwenda shinani: remi inakwaruza kidogo ukienda kinyume, ile iliyopakwa inateleza pande zote mbili. Na yale majina ya Brazili na Peru yasikupandishie bei bure. Nywele nyingi za biashara zinatoka India, pamoja na zile wanazonyolewa mahujaji kwenye hekalu la Tirupati, na China ndiko kwenye viwanda vingi vya kuzitengeneza.

Hatua ya 8: Loweka, kisha jaribu kwenye ngozi

Rasta nyingi zimepakwa kitu cha kiwandani kinachowasha. Changanya kikombe 1 cha siki na vikombe 4 vya maji kwa kipimo kitakachoifunika rasta, ilowe dakika 20 hadi 30. Mara nyingi utaona maji yamechafuka au yana utando mweupe juu. Suuza kwa maji safi, anika kivulini. Kisha funga kishungi kidogo nyuma ya sikio, kiguse ngozi, ukae nacho siku 1 au 2. Ukiwashwa, rudisha au gawa. Usitegemee kuzoea.

Hatua ya 9: Siku ya kusukwa

Mwambie msusi mapema, kwa heshima lakini bila kuogopa: "Naomba vinyweleo vya mbele uviache, na usinibane." Kila kiboksi, yaani kijisehemu cha nywele zako kinachobeba rasta moja, kilingane na rasta inayowekwa. Rasta nene kwenye kiboksi chembamba ni mwanzo wa kunyonyoka.

Akimaliza mistari miwili mitatu, nyanyua nyusi, cheka, geuza shingo. Ukiona ngozi imeinuka kama vichuguu vidogo shinani, au vipele vyeupe vimeanza, mwambie afumue hapo hapo. Yale maneno ya "yatalegea baada ya siku mbili" nimeyasikia tangu utotoni. Mpaka yalegee, kinyweleo kimeshaumia.

Ncha zikichovywa kwenye maji ya moto, weka taulo mgongoni na uinamishe kichwa nyuma. Mteja asinyanyuke mpaka maji yamechuruzika yote.

Rasta na wivingi zikae wiki 6 hadi 8, basi. Baada ya kufumua pumzika angalau wiki 2 na nywele zako mwenyewe, zikisukwa kwa uzi au kwa mtindo wa vitunguu. Nywele za uzi zinanyoosha na kulinda bila kuongeza kitu kizito, na nasikitika tunaziacha kwa kuona ni za kijijini.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kununua rasta ukiwa na haraka ya harusi kesho. Kuchagua rangi kabla ya aina. Kupiga pasi nywele ya plastiki: kama pakiti haikuandika kwamba inavumilia moto, na kwa nyuzi joto ngapi, usiijaribu. Kumwekea mtoto mdogo rasta nzito. Nywele zake mwenyewe au uzi vinamtosha. Kufunga rasta zote utosini siku ile ile ya kusuka, mzigo mzima ukaning'inia kwenye mapanja. Na kumiminia mafuta ya mawese au ya mise kila jioni kwa kudhani rasta itakunywa. Plastiki hainywi mafuta. Yanabaki kwenye ngozi, yanashika vumbi, na foronya yako inageuka rangi. Matone machache kwa ncha ya kidole, kwenye ngozi tu, yanatosha.

Ukipata tatizo

*Kichwa kinawasha tangu siku ya kwanza.* Weka siki kidogo na maji mengi kwenye chupa ya kupulizia, pulizia ngozi, acha ikauke. Siku 2 zikipita bila nafuu, au ukiona vipele na kuvimba, fumua. Hela imeshatoka, kichwa kisifuate.

*Kinauma ukilala.* Fumua mistari ya mbele tu, wiki hiyo hiyo, usukwe upya kwa kulegeza. Dawa ya maumivu inakuficha dalili.

*Nimefumua, nimekuta nywele nyingi zimetoka.* Usilie kabla ya kuzitazama. Mtu hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku, na ukiwa umesuka hazina pa kuangukia. Kwa wiki 6 ni 2,100 mpaka 4,200, mkono mzima. Angalia ncha: zenye kidonge cheupe upande mmoja na urefu kamili ni zile za kawaida. Vipande vifupi visivyo na kidonge vimekatika, na hapo rudi hatua ya 3.

*Wivingi inanuka.* Osha mistari kwa shampuu iliyozimuliwa, kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, kisha kaa chini ya draya mpaka mistari yenyewe ikauke. Ikinuka tena baada ya hapo, ishone upya.

*Rasta zinateleza, zinatoka zenyewe.* Nywele zako ni laini mno au fupi kwa aina hiyo. Usimwambie msusi abane zaidi. Hamia kroshia au wigi.

*Panja linang'aa, vinyweleo havionekani.* Acha msuko wowote unaovuta, wa bandia na wa nywele zako. Usinunue mafuta ya kuotesha yanayotembezwa mkononi. Nenda Hospitali ya Maweni hapa Kigoma, au kituo cha afya kilicho karibu, uulizie daktari wa ngozi, na uende mapema, kwa sababu kinyweleo kikishageuka kovu hakioti tena. Siku ya kwenda vua kila kitu, osha kichwa, na usipake mafuta wala piko, ili daktari aione ngozi yenyewe.